Sura ya Saba: Saa Isiyo na Mdai

Mwanafunzi wa sekondari Nyamwaga ana wadai wengi. Shule inamdai kuanzia paredi ya asubuhi hadi kipindi cha mwisho, na akiwa kidato cha pili au cha nne inamwongezea masomo ya jioni. Nyumbani wanamdai maji, kuni, ugali wa usiku na ng'ombe wa kurudisha zizini. Mtihani unamdai usiku wenyewe. Ikifika Desemba, ukoo nao unakuja kudai likizo. Kila mdai ana hoja nzuri, na hakuna anayejiona kuwa amechukua zaidi ya haki yake. Ni mpaka ujumlishe ndipo unapogundua kwamba mtoto wa miaka 16 hakubakiziwa kitu.

Hata hivyo watoto hawa wanapumzika. Wanapumzika njiani, bombani, kwenye uwanja usio na nyavu, kwenye benchi la kibanda umiza. Muda huo mwingi ni wa kuiba, na muda wa kuiba hauburudishi sana, kwa kuwa aliyeuiba anaula huku akiangalia nyuma. Hoja ya sura hii ni kwamba kinachompumzisha mwanafunzi si kumaliza kazi, kwani kazi ya shule haiishi. Kinachompumzisha ni kuwa na saa inayojulikana kwamba ni yake, ambayo hakuna atakayemuuliza aliitumiaje.

Homa ya Novemba

Nyamwaga iko Wilaya ya Tarime, kaskazini mwa Mkoa wa Mara, si mbali na mpaka wa Kenya. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime yako hapa, na hospitali ya wilaya iko hapa. Jirani kabisa ni Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na ambao leo unamilikiwa na Barrick kwa asilimia 84 na Serikali ya Tanzania kwa asilimia 16. Kijana wa hapa anasoma katika mji mdogo unaopanuka, wenye ofisi, pikipiki na wageni, lakini akifika nyumbani anakuta jembe na mifugo vilevile kama alivyovikuta babu yake.

Uchovu wake unaanza na lugha. Nyumbani wengi wameanza na Kikurya. Shule ya msingi imewafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka 7. Kisha, Januari moja, mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamehamia Kiingereza. Ukurasa wa biolojia anausoma mara mbili, kwanza kutafuta maneno, kisha kutafuta maana. Kazi ya saa moja inageuka ya saa mbili, na ile saa ya pili ndiyo aliyokuwa acheze nayo.

Juu ya lugha umekaa mtihani. Kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, na akishindwa anarudia darasa. Kidato cha nne kuna mtihani wa Novemba, ule unaoamua nani aende kidato cha tano, nani chuo, nani arudi shambani. Walimu wengi wanaofundisha leo wanakumbuka Februari 2013, yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani takribani 6 katika kila 10, walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini hofu haikupangwa upya. Ndiyo iliyozaa kambi za masomo, vipindi vya alfajiri, na mtihani wa utimilifu unaotanguliwa na majaribio ya wilaya, nayo yakitanguliwa na majaribio ya shule.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi. Kijijini hilo halikubadilisha mengi. Matokeo yanawekwa mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa, na simu moja yenye bando inatosha kuwajulisha majirani wote. Mama anaulizwa sokoni, baba anaulizwa kwenye kahawa, na mtoto anajua kwamba wanaulizwa.

Nyamwaga ina mzigo mwingine ambao wilaya nyingi hazina. Kijana aliyeacha shule akaenda kuokota mawe kwenye vifusi, au kuchimba na wachimbaji wadogo, anaweza kurudi na simu mpya wiki hiyohiyo. Anaweza pia kurudi na jeraha, au asirudi. Lakini aliyeko darasani anaiona simu kwanza. Yeye anangoja Novemba, kisha matokeo, kisha pengine miaka mingine ya kungoja. Kwa hiyo anapofunga daftari jioni hafungi hesabu peke yake. Amelifungia humo pia swali la kama njia aliyoishika ina mwisho.

Vipimo vinne vya pumziko

Mwaka 2007 wanasaikolojia wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, walichapisha kipimo cha namna watu wanavyorudisha nguvu baada ya kazi. Walitaja mambo manne: akili kuachana kabisa na kazi, mwili na moyo kutulia, kufanya kitu kingine chenye ufundi wa kujifunza, na mtu kuwa na mamlaka juu ya muda wake. Waliwachunguza watu wazima walioajiriwa, lakini mambo hayo manne yanatusaidia kuzitazama burudani za wanafunzi bila kuzigawa, kama wazazi wengi wanavyozigawa, kuwa "michezo mizuri" na "upuuzi".

Tuanze na chandimu. Mpira ni mifuko ya nailoni na matambara yaliyofungwa kwa kamba, goli ni mawe mawili, na sheria zinagombaniwa palepale. Mchezo huu unafaulu karibu kila kipimo. Huwezi kukumbuka kanuni ya fizikia huku mtu anakujia na mpira. Kuna ufundi wa kuonyesha, na aliye wa mwisho darasani anaweza kuwa wa kwanza hapa. Zaidi ya yote, hakuna mwalimu wa zamu: wachezaji wenyewe ndio wanaopanga timu na ndio wanaoamua giza limeingia vya kutosha.

Wasichana wana rede na mdako, lakini angalia wanacheza wapi. Mara nyingi ni bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni. Mchezo wao umeshonewa kwenye kazi. Mvulana akimaliza kufungia ng'ombe anaweza kuondoka; msichana akimaliza maji anaanza jiko, akimaliza jiko kuna mdogo wake wa kuogesha. Kwa hiyo foleni ndefu ya maji, ambayo mkubwa anaiona kama adha, kwake ni nafasi: pale ndipo wanaposukana, wanaposimuliana, na ndipo anapomwambia rafiki kwamba hesabu zimemshinda. Katika vipimo vile vinne, kinachompungukia msichana zaidi ni kile cha nne. Furaha anayo, mamlaka juu ya muda wake hana.

Njia ya kutoka shule inafanya kazi kama hiyo kwa wote. Kwa mwanafunzi wa kutwa ndiyo sehemu pekee isiyo na mwalimu wala mzazi. Humo njiani mwalimu wa kemia anaigizwa mwendo, Simba na Yanga zinagombaniwa, na mtihani wa asubuhi unachambuliwa mpaka unapoteza sumu. Mzazi anayeuliza "ulikuwa wapi muda wote huo?" ana sababu ya kuuliza, hasa kwa binti. Lakini ajue kwamba anaposisitiza mtoto afike mbio anafunga dirisha ambalo shule na nyumba vyote vimeshindwa kulifungua.

Kwaya na ngoma zina nguvu ya aina nyingine. Wakurya wana litungu, zeze kubwa la nyuzi 8 lenye sauti nzito, na wana dansi ya kuruka inayotaka pumzi na mpangilio. Kanisani kuna mazoezi ya kwaya, na kwa Waadventista Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara, kuna kitu ambacho shule yoyote ingekionea wivu: kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, vitabu vya shule vinawekwa kando. Mwanafunzi havifungi kwa aibu wala kwa uvivu. Vimefungwa na nyumba nzima, na mwenzake aliyekaa benchi la pili kanisani amevifunga pia. Huhitaji kuwa Msabato ili uone somo lililomo. Pumziko lililokubaliwa na jamii yote halina hatia ndani yake, na pumziko lisilo na hatia linafika mbali zaidi mwilini.

Kibanda umiza kiko katikati. Unalipa hela kidogo, unabanana kwenye benchi, unaangalia mpira au filamu iliyoingiziwa maelezo ya Kiswahili. Biashara United ya Musoma ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, Mara ilikuwa na timu yake ya kushangilia hadi iliposhuka mwaka 2022, na kushangilia cha kwenu pamoja na wenzako ni dawa halisi. Tatizo ni muda na mkeka wa kubeti. Mechi ya Ulaya inaisha usiku mwingi, na kesho paredi iko palepale. Mkeka ni tatizo kubwa zaidi. Sheria ya michezo ya kubahatisha inakataza aliye chini ya miaka 18, lakini simu ya kaka haiulizi umri. Mechi ikishawekewa hela haipumzishi tena, kwa kuwa mwanafunzi amejiongezea mdai mwingine, tena huyu hana huruma ya mzazi.

Simu nayo inafeli kipimo cha kwanza kuliko watu wanavyodhani. Video fupi zinachekesha, lakini katika kundi la darasa kwenye WhatsApp kuna aliyepiga picha swali la mtihani wa utimilifu, kuna anayedai ameshamaliza mada nzima, na moyo unarudi shuleni saa 4 usiku. Simu ile inaleta burudani na wasiwasi kwa pamoja, na mtumiaji hachagui kitangulie kipi.

Halafu kuna vinavyozima akili tu. Tarime inajulikana kwa muda mrefu kwa kilimo cha bangi, na pombe ya bei nafuu ilimfikia mwanafunzi kirahisi hadi serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017. Gongo haikuhitaji kiroba. Anayetumia vitu hivi kukimbia mtihani anapata saa chache za kusahau. Asubuhi mtihani uko mahali pake, naye amepoteza usingizi na kumbukumbu ambavyo angevitumia kuukabili.

Mpira uliofutwa

Taifa lenyewe liliwahi kulijaribu wazo kwamba mchezo ni adui wa taaluma. Joseph Mungai alipokuwa waziri wa elimu, kati ya mwaka 2000 na 2005, michezo ilifutwa shuleni ili wanafunzi wakazanie masomo. Mashindano ya shule za sekondari (UMISSETA) na za msingi (UMITASHUMTA) yalikoma, na yalirudishwa baadaye chini ya uongozi mwingine. Wapenzi wa soka bado wanailaumu hatua ile kila timu ya taifa inapokosa wachezaji. Kwa sura hii, hasara iliyo karibu zaidi ni nyingine: kizazi kizima kilifundishwa kwamba kukimbia uwanjani ni kuiba muda wa kitabu. Baadhi ya watu wa kizazi hicho leo ni wakuu wa shule.

UMISSETA ipo sasa, na mwaka 2022 wanamichezo wa mikoa yote walikutana Tabora. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mashindano yana tabia ya kuchuja. Shule yenye mamia ya wanafunzi inabaki na timu moja ya soka, moja ya netiboli, wakimbiaji wachache, na waliobaki wanakuwa washangiliaji. Aliyechoka zaidi, yule mzito, mwoga, mwenye viatu vya kuazima, ndiye wa kwanza kuchujwa. Wakati huohuo kipindi cha michezo kilichoko kwenye ratiba ndicho cha kwanza kukopwa na mwalimu wa hesabu na cha mwisho kulipwa. Kufika Septemba hakuna anayekumbuka kwamba kiliwahi kuwepo.

Usiku wa saa tano na nusu

Katika bweni ambako prepo inaisha saa 4 usiku, taa zinazimwa saa 4 na nusu na kengele inalia saa 10 alfajiri, mwanafunzi analala saa 5 na nusu. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, mwaka 2016, kilipendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Pengo hilo halizibwi na chai ya rangi wala na kutia miguu kwenye beseni la maji baridi, mbinu ambayo wapiga msuli wa mabweni wanaijua sana.

Ushahidi wa kwamba usingizi ni sehemu ya kusoma ni wa zamani. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la wanafunzi wawili waliokariri silabi zisizo na maana, kisha wakapimwa baada ya kulala na baada ya kukaa macho kwa muda uleule. Walipolalia walichojifunza walikumbuka zaidi. Utafiti wa miaka mia moja iliyofuata umeongeza maelezo ya jinsi ubongo unavyopanga kumbukumbu usiku, lakini matokeo yale hayajapinduliwa. Mtoto aliyechunga anaelewa bila maabara: ng'ombe anakula malishoni, lakini chakula chenyewe anakifanyia kazi akiwa amelala anacheua. Anayemswaga mchana kutwa na usiku kucha hapati maziwa zaidi.

Kwa hiyo kukesha kwa ajili ya mtihani ni hesabu mbaya hata kwa mtu asiyejali afya kabisa, anayejali alama tu. Usiku uleule anaoutumia kuingiza mada mpya ndio ambao ungemsaidia kuzishika za jana.

Desemba ya wengine

Shule zinafungwa, na kwenye karatasi hiki ndicho kipindi kirefu cha kupumzika. Kwa Wakurya Desemba ni msimu wa tohara, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Barabara zinajaa shangwe, ndugu wanarudi, wavulana wanakuwa watu wazima na kulishwa vizuri. Kwa mvulana wa kidato cha pili aliyemaliza upimaji wa kitaifa, ni mwezi ambao mashaka ya shule yanamezwa na jambo kubwa zaidi.

Kwa msichana likizo hiyohiyo inaweza kuwa kipindi cha hofu kubwa kuliko mtihani. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza ukeketaji wa mtoto wa kike chini ya miaka 18, lakini msimu unapangwa kwenye likizo kwa sababu ileile inayoifanya iwe likizo: hakuna paredi, hakuna anayehesabu waliofika, na kuna wiki za kutosha kidonda kupona kabla ya Januari. Ndiyo maana kituo cha Masanga huku Tarime, na nyumba salama ya Mugumu iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly huko Serengeti, hupokea wasichana wengi msimu huo. Wakiwa huko wanasoma, wanaimba, wanacheza mpira. Ni ajabu kuona kwamba kwa baadhi yao saa ya kwanza isiyo na mdai katika mwaka mzima imepatikana baada ya kukimbia nyumbani.

Nimeliweka hili humu, katika sura ya burudani, kwa sababu mazungumzo ya "mwanafunzi apumzike" mara nyingi huwa na mvulana akilini. Ukisema wapumzike likizo, uliza nani atakuwa salama kwenye likizo hiyo. Ukisema wacheze jioni, uliza nani atakuwa jikoni jioni hiyo.

Nani ataitoa saa

Kisheria mjadala ulishaisha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto nafasi hiyo. Lakini sheria haina ratiba. Ratiba iko kwa watu watatu.

Mwanafunzi mwenyewe anaweza kuanza na kidogo. Aamue saa ya kufunga daftari kabla hajalifungua, kwa kuwa kazi isiyo na mwisho uliopangwa humla mtu mpaka usiku. Asubuhi, kabla ya kusoma kipya, ajaribu kukumbuka cha jana bila kuangalia. Na burudani aichague kwa kujiuliza swali moja: nikimaliza nitakuwa na nguvu zaidi, au nitakuwa na deni jipya?

Mzazi anaweza kugawa kazi upya. Mvulana anaweza kuchota maji, mikono anayo. Binti akipata saa moja ya jioni ambayo haitwi, matokeo yake hayatashuka, na pengine atakuwa na la kusimulia usiku zaidi ya "nimechoka". Waswahili wana msemo wa kazi na dawa, ambao watu wazima wanautumia kwa furaha wanapoagiza kinywaji baada ya kutwa nzima ya kazi. Wanayemnyima dawa hiyo ni yule anayefanya kazi kuanzia alfajiri bila mshahara.

Lakini uzito mkubwa uko kwa mkuu wa shule. Wizara imekataza mara nyingi masomo ya likizo, na bado kambi zinaendelea kwa majina mapya, kwa kuwa kila shule inaogopa kuachwa na jirani. Mkuu mmoja hawezi kumaliza hofu hiyo wilaya nzima. Anaweza kulinda saa moja, siku tatu kwa wiki, ambayo haikopwi hata Oktoba: wanafunzi wote uwanjani au chini ya mti, bila kuchujwa, wakifanya wanachotaka, mpira, drafti, kwaya, rede au stori tu, na bila kuandikiwa alama. Saa hiyo haihitaji mfadhili wala vifaa. Wadai wengine, nyumba, mtihani na ukoo, watachelewa kubadilika, na baadhi hawatabadilika mwaka huu wala ujao. Shule inaweza kuanza kesho, kwa sababu katika wadai wote ni yenyewe tu iliyoshika kengele.